Anayeitwa na Anayeitika

Jina la binti yangu sitaliandika hapa. Mimi si mtu wa mafumbo. Wanaonijua watakwambia kwamba ninasema mambo yalivyo, na siku nyingine zaidi ya yalivyo. Lakini jina hilo limeitwa vya kutosha, na si wote waliolitamka ambao nina hakika walikuwa na ruhusa. Na kwa kuwa la kwake nimelificha, nitaficha ya wote, hata langu.

Tunaishi Shinyalu, upande ule ambao mashamba yanateremka hadi msituni. Ukikaa kwenye veranda yangu unaona ua, halafu mahindi na maharagwe, halafu kipande chetu cha majani chai, halafu miti. Hakuna ukuta wala seng'enge. Majani chai yanaisha na msitu unaanza, na asubuhi kukiwa na ukungu huwezi kuonyesha ni wapi. Mume wangu ameajiriwa kwenye kiwanda cha sukari upande wa Butali, anakuja mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu: mimi na cherehani yangu, mama mkwe na redio yake, na binti yangu ambaye wakati huo alikuwa gredi ya pili.

Mama mkwe alikuwa na sheria nyingi na karibu zote nilizivunja mwaka wa kwanza wa ndoa. Moja tu hakukubali tuichezee. Alisema: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Usiseme "eee", usiseme "abee", usigeuze hata shingo. Kama ni mtu ataita tena, na akichoka atakuja kukutafuta na kukutukana. "Lakini hicho kingine," alisema, "kinaitanga mara moja tu."

Nilimuuliza hicho kingine ni kitu gani. Aliniuliza kama nimetia chumvi kwenye mboga.

Alikuwa na sababu zake. Alipokuwa mtoto, dada yake mkubwa alikuwa anachuma mboga nyuma ya nyumba yao, mchana wa jua kali, naye ameketi kando anachezea maganda ya maharagwe. Sauti ya mama yao ikaita kutoka msituni. Wote wawili waliisikia. Dada akaitika, akaweka mboga chini, akaenda. Alirudi baada ya muda akasema hakumkuta mtu. Jioni mama yao alitokea sokoni, njia ya upande mwingine kabisa, kikapu kichwani. Homa ilimshika yule dada siku hiyo hiyo, na mboga za shamba lile zilikuwa bado hazijaisha walipomzika.

Hadithi hiyo mama mkwe aliimaliza kwa namna moja kila mara. "Sauti ilikuwa tamu," alisema. "Mama yetu hakutuitanga na utamu hivyo."

Mimi nilizaliwa Matete, nyuma ya maduka, ambako watu wanaitana kutwa nzima kutoka kibanda hiki hadi kile, na usipoitika upesi mteja anahamia kwa jirani. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mama, sisi tumeokoka. Hiyo ni mambo ya kitambo."

"Hata mimi nimebatizwa," alinijibu. "Ubatizo haukuziba masikio yangu."

Na kweli alikuwa mtu wa kanisa kuliko mimi. Sare ya umoja wa akina mama aliifua mwenyewe, aliinyoosha mwenyewe, hakuniamini nayo hata kidogo ingawa kunyoosha ni sehemu ya kazi yangu.

*

Jumapili ya watoto ilipokaribia, mwalimu wao wa shule ya Jumapili alikuja na mchezo. Ni kijana mzuri, anasomea ualimu, anapiga gitaa, na watoto wanamfuata kama vifaranga. Alichagua kisa cha yule mtoto aliyelala hekaluni akaitwa na Mungu kwa jina lake, akaamka akamkimbilia kuhani mzee akidhani ndiye aliyemwita. Kila mtoto wa huku anakijua kisa hicho kabla hajajua kufunga viatu. Binti yangu akachaguliwa kuwa yule mtoto, na mimi nikapewa kazi ya kushona kanzu. Nilijivuna. Nilimwambia hata mteja ambaye alikuja tu kutafuta vifungo.

Lakini muda wa mchezo ulikuwa mfupi, na mtoto aliyepewa sehemu ya mzee alikuwa anavua zile ndevu za pamba kila mara akisema zinamwasha. Mwalimu akamwondoa mzee. Mchezo ukawa hivi: mtoto amelala, sauti inamwita kutoka nyuma ya pazia la chumba cha mchungaji, mtoto anainuka, anafumba macho kuonyesha imani, ananyoosha mikono, anatembea kuifuata sauti hadi kwenye pazia, anapiga magoti, ndipo anasema, "Sema, Bwana, ninasikia." Na mwalimu akaongeza la kwake: sauti isiite jina la mtoto wa zamani, iite jina la mtoto mwenyewe, ili kila mmoja ajue kwamba Mungu anamwita yeye. Wakati wa mazoezi watoto wote walipewa zamu. Mwenye kuita alikuwa mwimba besi wa kwaya yetu, ambaye siku za wiki anauza nyama sokoni, lakini watoto hawakuambiwa. Walikatazwa kuchungulia.

Nilihudhuria mazoezi mara moja nikapime mabega ya kanzu. Kanisa lilikuwa tupu, mabati yanalia kwa joto, na ile sauti nzito ikatoka nyuma ya pazia ikimwita binti yangu. Alitembea kati ya viti bila kugusa hata kimoja. Nilipiga makofi.

Kilichofuata mtu yeyote mwenye watoto angekitarajia: mchezo ulihamia nyumbani. Watoto wa majirani walianza kuja kwetu baada ya shule kwa sababu uwanja wetu una mteremko. Mmoja alikuwa anajificha kwenye mahindi anaita, na wengine wanangoja majina yao. Anayeitwa anafumba macho anaingia. Nilikuwa nainua kichwa kutoka kwenye cherehani na kumwona mtoto wa watu anapita kati ya mabua, mikono mbele, uso umetulia, tabasamu dogo, halafu mahindi yanamfunika. Kisha kimya. Kisha sauti ndogo huko ndani: "Sema, Bwana, ninasikia."

Nitasema kweli, mara ya kwanza mwili ulinisisimka. Nikajikemea. Watoto wanacheza Biblia, wengine huko wanacheza kamari, na wewe unataka nini tena?

Mama mkwe aliwaona siku ya pili. Alitoka jikoni na ufagio akawatawanya wote, wetu na wa majirani, mpaka mmoja akaacha kandambili. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe unashonanga na macho umefunga? Mtoto anafundishwa kuitikia kitu hajaona na unanyamaza?"

"Anafundishwa kumsikia Mungu, Mama."

"Na huyo Mungu, mtoto atajuaje ni yeye?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anaona kanisa linapoteza watoto akamwambie mchungaji, asiniletee maneno ya msituni. Alikaa siku mbili bila kuniongelesha, akawa anaongea na redio. Na kusema kweli swali lake lilibaki kwenye kichwa changu kama mfupa wa samaki kooni.

*

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi, mchana unakwisha, mvua inajikusanya juu ya miti. Mahindi tulikuwa tumeshavuna. Mabua yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu shambani, na binti yangu alikuwa ameketi uani juu ya turubai anapukuchua. Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga mboga ya mrenda. Mimi nilikuwa kwenye veranda nimeshika ile kanzu nyeupe, nabana pindo, na pini ziko mdomoni. Fundi yeyote anajua: pini zikiwa kati ya midomo huongei, humezi mate, unapumua kwa pua tu.

Nikaisikia sauti yangu ikimwita binti yangu kutoka chini, kwenye majani chai.

Haikuwa sauti inayofanana na yangu. Naijua sauti yangu. Nimeisikia kwenye simu, nimeisikia kwenye kanda za harusi za watu ikiimba juu ya wengine. Ilikuwa yangu. Iliita jina lake lote, taratibu, ikalivuta mwishoni kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto na hataki kumshtua. Sijawahi kumwita binti yangu hivyo. Mimi napiga kelele. Mimi naita kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mboga.

Na kitu cha kwanza nilichohisi, kabla ya hofu, kilikuwa wivu. Nitakisema kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Niliwaza: kumbe ningeweza kumwita hivyo.

Binti yangu aliinua kichwa. Nilikuwa nyuma yake, hatua chache tu, lakini hakugeuka. Aliweka gunzi chini. Akasimama, akapangusa magoti, akafumba macho. Akanyoosha mikono. Akaanza kuteremka.

Nilitema pini, nyingine zikanichoma ulimi, nikapiga kelele jina lake. Akatabasamu. Niliona shavu lake likipanda. Akaongeza mwendo, kwenda chini. Alikuwa amefundishwa kwamba sauti iko mbele, na sauti ya mbele na ya nyuma ilikuwa moja. Kila nilivyomwita ndivyo alivyokwenda. Nilipoelewa hilo nilifunga mdomo wangu kwa mkono na kukimbia. Kanzu ilinizonga miguuni, nikaanguka kwenye ngazi ya veranda, nikainuka, nikaanguka tena kwenye fungu la mabua. Alipita kati ya mafungu yale bila kugusa hata moja, vile vile alivyopita kanisani. Alikwisha kuingia kwenye majani chai, yamemfika kifuani. Mbele yake kulikuwa na miti tu. Hapakuwa na mtu, nasema hapakuwa na mtu. Nilijua kabisa kinachokuja: atafika pale penye sauti, atapiga magoti, ataitika.

Hapo mama mkwe alitokea jikoni, mwiko mkononi. Miguu yake ilikuwa mibovu, hangeweza kukimbia hata mvua ikimfukuza. Hakujaribu. Hakumwita mtoto. Alisimama katikati ya ua, akaugeukia msitu, akaitika.

"Eee!" alisema. "Nimesikia! Ni mimi umeita! Nakuja!"

Alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeitwa na jirani. Nakumbuka ukimya uliofuata. Hondohondo, wale ndege wa midomo mikubwa, walikuwa wanapiga kelele mchana kutwa kwenye mti mmoja mkubwa wa msituni, wakanyamaza. Hata jani halikutikisika, na mvua ilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Binti yangu alisimama. Akafumbua macho, akajiona yuko wapi, akaanza kulia kwa nguvu kama mtoto mdogo kabisa. Nilimfikia, nikambeba ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, na sikuangalia miti.

Tulipofika uani mama mkwe alikuwa ameketi kwenye turubai juu ya mahindi, mrenda unadondoka kutoka kwenye mwiko hadi kwenye nguo yake.

"Mama," nikamwambia, "umefanya nini?"

"Nimeitika."

"Si wewe uliitwa."

"Kilitaka kuitikiwa," alisema. "Kimeitikiwa. Nipe maji."

*

Najua utaniuliza nini, kwa sababu nilijiuliza yote. Nilikwenda kwa kila jirani. Nilitafuta kama kuna mtoto mwingine wa jina hilo. Yuko, ng'ambo ya kijito, na mama yake ana sauti nyembamba kama yangu. Lakini siku hiyo walikuwa mjini Kakamega. Niliwauliza wanaochuma chai mashamba ya chini. Walikuwa wamekwisha kwenda kupimisha majani kabla ya mvua. Nilishuka mwenyewe asubuhi, ukungu ukiwepo, nikasimama pale mtoto alipokuwa amesimama. Majani chai yalikuwa majani chai. Mbega mmoja aliniangalia kutoka juu, akachoka nami akaondoka. Niliwaza huenda mlima fulani ulinirudishia sauti niliyopiga asubuhi, ingawa huku hatuna mlima wa kurudisha sauti. Niliuliza binti yangu alisikia nani. Alisema, "Ni wewe, mama. Ulikuwa umefurahi."

Sikumwendea mwalimu kwa hasira, ingawa nilikuwa nayo ya kutosha kanisa zima. Nilimkuta anafunga nyuzi za gitaa. Sikumweleza mambo ya majani chai. Nilimwomba tu amrudishe mzee kwenye mchezo.

"Mama, usijali," alisema. "Ujumbe ni ule ule."

"Si ule ule," nikamwambia. "Yule mtoto wa hekaluni hakuitikia sauti. Alikimbia kwa mzee. Akarudi tena kwa mzee. Na tena. Mzee ndiye alimwambia aitike. Wewe umemwachia mtoto pazia peke yake."

Alifungua Biblia yake, akasoma, akaifunga. Halafu akasema hana wa kuvaa ndevu. Nikamwambia ninaye asiyehitaji ndevu.

Kwa hiyo Jumapili ya watoto mama mkwe alilala kwenye mkeka mbele ya kanisa zima, sare yake imenyooshwa, kitambaa kichwani, macho amefumba kama maiti. Watu walikuwa wanajizuia kucheka. Sauti ikaita nyuma ya pazia. Binti yangu akaamka ndani ya kanzu yake, ambayo pindo lake nilikuwa nimelimalizia kwa mkono kwa sababu cherehani sikuweza kuigusa wiki hiyo. Akamkimbilia bibi yake.

"Umeniita, kukhu?"

"Mimi sijakuita. Rudi ulale."

Ikawa hivyo mara ya pili, na kila mara mama mkwe alisema vile vile bila kufumbua macho, na kanisa likawa linamwitikia kwa vicheko. Mara ya tatu ndipo alipotakiwa kumfundisha mtoto la kusema. Alinyamaza. Akanyamaza mpaka wazee wa kanisa wakaanza kukohoa. Halafu akainuka polepole, akamshika mtoto mkono, akatembea naye hadi kwenye pazia, na kabla mwalimu hajamfikia akalivuta.

Mwuza nyama alikuwa amesimama pale na kipaza sauti mdomoni, ametumbua macho kama mwizi.

"Kumbe ni wewe," mama mkwe akamwambia. Akamgeukia mtoto. "Sasa umemwona. Sasa itika."

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Mchungaji alipangusa machozi. Mwuza nyama hadi leo watu wanamwita kutoka nyuma ya milango. Mimi nilicheka pia, lakini nilimwona mama mkwe akirudi kwenye mkeka wake, na yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ameelekeza sikio dirishani.

*

Baada ya hapo alibadilika kidogo kidogo. Redio aliipunguza sauti mpaka haikuwa na maana kuiwasha. Alihamishia kiti chake kwenye veranda, kando ya cherehani yangu, akakielekeza chini. Alianza kuvaa sare ya akina mama siku ambazo si za ibada. Nilipomuuliza alisema, "Nilisema nakuja. Mtu akisema anakuja anajitayarisha."

Nilichukia kusikia hivyo. Nilimwita mchungaji, akaja, akaomba, akampaka mafuta. Mama mkwe alisema amina kwa moyo wake wote. Alimpenda Mungu, na sikumwona hata mara moja akiogopa kwamba Mungu amemwacha. Nilimwambia, "Mama, damu ya Yesu inafuta hiyo ahadi." Akaniambia, "Inafuta dhambi, mwanangu. Kuitika si dhambi."

Miguu yake ilivimba. Tulimpeleka hospitali mjini, wakasema ni moyo, wakatupa dawa, na alizinywa zote kwa wakati wake. Sitaki mtu aseme hatukumtibu.

Alifariki mchana, kwenye kile kiti. Nilikuwa karibu naye nashona sare za shule. Nilimsikia akisema "Eee," polepole. Nilidhani anataka maji.

"Umesema nini, Mama?"

"Sijaongea na wewe," alisema, kwa ukali wake wa siku zote. Niliendelea na mshono. Nilipofika mwisho wa ule uzi nikainua kichwa, akawa ameshakwenda, uso kwenye majani chai, mikono juu ya mapaja, kiatu kimoja kimevuliwa kidogo kama mtu anayetaka kusimama.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri juu ya upendo wa mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya wengine. Hakuna aliyemwambia ya majani chai. Mahubiri hayo huwa anayatoa kwenye mazishi mengi, nimeyasikia hata kwa watu ambao hawakumpa jirani chumvi. Lakini siku hiyo nililia mpaka akina mama wawili wakanishika, na mume wangu akaniangalia kwa mshangao, kwa sababu alijua tulivyokuwa tunagombana.

Sasa binti yangu ni mkubwa zaidi kidogo. Ninamfundisha kuomba, ninamfundisha neno, shule ya Jumapili anakwenda. Ninaamini Mungu anaita watoto, na ninamwomba kila siku kwamba akimwita huyu wangu aite kwa njia ambayo anaweza kuja kwanza kuniuliza. Nilijaribu kujifunza kumwita kwa upole. Nilijaribu peke yangu nikiwa shambani, nikaogopa, nikaacha. Namwita kwa kelele kama zamani. Amekwisha kuelewa kwamba ukali ndio alama yangu.

Juzi, wakati wa kuvuna, alikuwa ameketi juu ya lile turubai. Mvua ilikuwa inajikusanya. Nilikuwa na pini mdomoni.

Jina lake likaitwa kutoka kwenye majani chai. Mara moja. Ilikuwa sauti ya mama mkwe, lakini tamu, na mama mkwe hakuwa mtamu. Alimpenda mtoto huyu kuliko sisi wote na hakuwahi kumwita ila kwa kumgombeza.

Binti yangu hakuinuka. Aliziba mdomo wake kwa mikono miwili, akageuka, akaniangalia mimi. Alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa, na sasa alikuwa amenikimbilia kwa macho. Kitu kile kilitaka kuitikiwa, na zamu ilikuwa yangu.

Nilitoa pini mdomoni, moja moja, nikazichoma kwenye kitambaa. Nikasimama, nikaugeukia msitu.

"Eee," nikasema. "Nimesikia. Ni mimi."

Hondohondo wakanyamaza. Nilingoja. Hakuna kilichoita tena.

"Mama," binti yangu akauliza, "mbona umeitika?"

Nikamwambia kwa ukali apukuchue mahindi, mvua inakuja.